Kupima namna mtoto anavyojifunza: safari ndefu kutoka Iowa hadi DeSoto

Mtihani unaweza kutueleza mtoto wa shule ya msingi anajua nini. Lakini je, unaweza kutueleza anajifunza vipi? Makala yetu ya historia leo yanaelekea katika jimbo la Texas nchini Marekani, ambako swali hilo limeulizwa kwa zaidi ya nusu karne, na ambako majibu yake yamewahi kufunga shule na kuwapotezea walimu kazi.



DeSoto ni mji ulioko kusini mwa Dallas, kiasi cha kilomita 24 kutoka katikati ya jiji hilo. Walowezi walifika hapo mwaka 1847. Jina lenyewe lilikuja mwaka 1881 ilipofunguliwa ofisi ya posta, kwa heshima ya daktari wa eneo hilo, Thomas Hernando De Soto Stuart, na mwaka 1949 mji ukapata hadhi ya manispaa. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakaazi zaidi ya 56,000, wengi wao wakiwa Wamarekani weusi. Shule zake ziko chini ya wilaya ya shule yenye bodi yake, ambayo inawahudumia pia watoto wa Glenn Heights na wa sehemu ya Ovilla.

Kama ilivyo kwingineko Texas, mtoto wa DeSoto anapofika darasa la tatu, yaani akiwa na umri wa miaka minane au tisa, huanza kufanya mtihani wa jimbo kila mwaka katika kusoma na hisabati. Hali hiyo inawagusa pia wasemaji wengi wa Kiswahili. Katika maeneo ya Dallas, Fort Worth na Houston wanaishi Wakenya na Watanzania waliokwenda kusoma na kufanya kazi, pamoja na familia za Wakongo zilizopokewa kama wakimbizi. Watoto wa darasa la tatu hadi la tano wanaweza kuufanya mtihani huo kwa Kiingereza au Kihispania. Kiswahili hakimo. Mzazi aliyelelewa na mitihani ya Nairobi, Dar es Salaam au Bukavu hupokea karatasi ya matokeo yenye vipimo asivyovizoea, na swali lake la kwanza huwa lile lile la wazazi wote: mwanangu ana tatizo gani, na nimsaidie vipi?

Ili kulijibu swali hilo, hatuna budi kurudi nyuma.

Mwanzo wa kupima

Mitihani ya maandishi kwa shule nzima nzima si jambo la kale sana. Huko Boston, mwaka 1845, mwanamageuzi wa elimu Horace Mann na wenzake walifanikisha mtihani wa maandishi mahali pa maswali ya mdomo, ili shule zilinganishwe kwa kipimo kimoja. Uingereza ilikwenda mbali zaidi mwaka 1862. Chini ya utaratibu uliosimamiwa na Robert Lowe, ruzuku ya serikali kwa shule ilitegemea watoto wangapi wamefaulu mbele ya mkaguzi katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Mshairi Matthew Arnold, aliyekuwa mkaguzi wa shule, aliupinga vikali mpango huo, akiona kwamba unawafanya walimu wamwandae mtoto kwa ajili ya siku ya mkaguzi badala ya kumfundisha. Mpango ulidumu hadi miaka ya 1890, kisha ukaachwa.

Mfaransa Alfred Binet, aliyetoa kipimo chake mashuhuri cha akili mwaka 1905 akishirikiana na Théodore Simon, alikuwa na nia tofauti. Alitakiwa kusaidia kuwatambua watoto waliohitaji msaada maalumu shuleni. Tangu wakati huo pamekuwa na njia mbili: kumpima mtoto ili asaidiwe, na kumpima ili yeye, mwalimu wake au shule yake ihukumiwe. Historia tunayoisimulia leo ni historia ya njia hizo mbili zinavyogongana.

Iowa, mwaka 1935

Mtu wa kwanza kutajwa tunapozungumzia upimaji wa stadi za kujisomea katika shule za msingi ni E. F. Lindquist, profesa wa Chuo Kikuu cha Iowa. Mwaka 1935 yeye na wenzake walianzisha mitihani ya stadi za msingi kwa wanafunzi wa darasa la sita hadi la nane katika jimbo lao, na baadaye mitihani hiyo ikateremshwa hadi madarasa ya chini na kuenea nchi nzima. Ilikuwa na sehemu nne: kusoma kwa ufahamu, lugha, hesabu, na sehemu iliyoshughulikia stadi za kujisomea peke yake.

Sehemu hiyo ya mwisho haikumuuliza mtoto mji mkuu wa nchi fulani ni upi. Ilimpa ramani ikamtaka atafute njia ya kutoka mji mmoja hadi mwingine. Ilimpa grafu ikamtaka aisome. Ilimpa ukurasa wa faharasa na kumuuliza afungue ukurasa gani. Tuchukue mfano wetu wenyewe: ikiwa faharasa imeandika «Mahindi, 12, 45–48, tazama pia Nafaka», mtoto anayetaka kujua mengi zaidi kuhusu mahindi atakwenda wapi? Mwenye stadi hiyo anajua kwamba kurasa nne zinazofuatana huenda zina maelezo marefu kuliko ukurasa mmoja, na kwamba neno «Nafaka» nalo ni mlango mwingine. Asiye nayo ataanza ukurasa wa kwanza na kupekua kitabu kizima.

Wazo la Lindquist lilikuwa rahisi na lenye nguvu: mtoto husahau mengi anayofundishwa, lakini anayejua kutafuta hatapotea. Kwa hiyo kutafuta kwenyewe kupimwe.

Tatizo lilikuwa kazi ya kusahihisha. Karatasi za maelfu ya watoto zilisahihishwa kwa mkono, hadi Lindquist na wenzake mjini Iowa City walipobuni mashine ya kusoma alama za penseli katika miaka ya 1950. Kazi iliyokuwa ikichukua majuma ikawa ya saa chache. Lakini mashine ina masharti yake. Inasoma duara lililotiwa weusi. Haimwoni mtoto akisitasita, akirudi nyuma, au akitumia kidole chake kufuata mstari wa grafu. Mtihani uliotaka kujua njia ya mtoto ukabaki kuhesabu mwisho wa njia hiyo tu.

Texas inauliza kwa hojaji

Ilikuwa Texas iliyojaribu mlango mwingine. Mwaka 1953 ilitoka hojaji kuhusu mazoea ya kusoma na mitazamo ya wanafunzi, iliyoandaliwa na William F. Brown na Wayne H. Holtzman, wa pili akiwa mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Badala ya kumpa mwanafunzi faharasa, hojaji ilimuuliza juu ya nafsi yake: je, huahirisha kazi? Hupangilia muda? Huwaonaje walimu wake? Kipimo hicho kililenga vyuo na shule za sekondari.

Mwaka 1987, katika chuo hicho hicho cha Austin, Claire Ellen Weinstein alitoa hojaji nyingine iliyopata umaarufu mkubwa vyuoni. Iligawa kujifunza katika vipengele kumi, miongoni mwavyo wasiwasi, umakini, matumizi ya muda, kuchagua hoja kuu na kujipima mwenyewe. Ujumbe wake kwa waelimishaji ulikuwa wazi: kujifunza si kipaji kimoja ambacho mtu amezaliwa nacho au hana. Ni mkusanyiko wa mambo yanayoweza kufundishwa, moja baada ya jingine.

Watoto wa shule ya msingi walisubiri zaidi. Mwaka 2006 ndipo ilipochapishwa hojaji ya Kathy Stroud na Cecil Reynolds, huyo wa pili akiwa profesa wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, kilichoko College Station, kati ya Dallas na Houston. Ina fomu mbili: moja ya vijana wa miaka 13 hadi 18, na nyingine ya watoto wa miaka minane hadi 12. Fomu ya watoto ina sentensi 147. Mtoto husoma sentensi moja moja na kuonyesha jambo hilo humtokea mara ngapi: halitokei kamwe, hutokea mara kwa mara, mara nyingi, au karibu kila mara. Majibu yanakusanywa katika mafungu: mbinu za kujisomea, kusikiliza na kuandika muhtasari, kusoma kwa ufahamu, kuandika na kutafiti, mbinu za kufanya mtihani, na kupanga muda na vifaa. Mafungu matatu ya mwisho yanahusu ari ya kusoma, hofu ya mtihani, na shida ya kuweka akili mahali pamoja.

Faida ya mpangilio huo inaonekana haraka. Watoto wawili wanaweza kupata alama ile ile mbovu katika mtihani wa kusoma. Mmoja hajui kutofautisha hoja kuu na maelezo ya ziada. Mwingine anajua vizuri sana, ila siku ya mtihani tumbo linamuuma kwa hofu na maneno yanamchezea machoni. Kwa mtihani wa jimbo, hao ni watoto wa aina moja, na huenda wakapelekwa darasa moja la ziada kufanya mazoezi yale yale. Kwa mwalimu anayejua tofauti yao, mmoja anahitaji kufundishwa na mwingine anahitaji kutulizwa.

Hata hivyo, hojaji ina udhaifu wake. Mtoto wa miaka minane anaweza kusema anapanga vitabu vyake kila jioni kwa sababu mama yake humhimiza afanye hivyo, si kwa sababu anafanya. Mwingine hana uzoefu wa kujitazama akiwa anasoma, ukimuuliza «huwa unajiuliza maswali unaposoma?» hajui akujibu nini. Waandishi wa hojaji hiyo waliweka kipimo cha kuwanasa wanaojibu kwa kujikanganya, lakini hakipo kipimo cha kumnasa mtoto anayetaka tu kumfurahisha mtu mzima. Kwa mtoto anayesoma kwa lugha ya pili, shida huongezeka: asipoielewa sentensi yenyewe, jibu lake halitueleze lolote kuhusu anavyojifunza. Ndiyo maana matokeo ya karatasi hiyo yanapaswa kuwekwa kando ya daftari la mtoto, kando ya maneno ya mwalimu, na kando ya yale wazazi wanayoyaona nyumbani.

Wakati mtihani ulipogeuka hukumu

Wakati wanasaikolojia wakiandika hojaji zao, wanasiasa wa Texas walikuwa wakijenga kitu kingine. Jimbo lilianza kupima stadi za msingi mwaka 1980. Mwaka 1984, kufuatia kazi ya kamati iliyoongozwa na tajiri wa Dallas, Ross Perot, ilipitishwa sheria kubwa ya mageuzi ya elimu, iliyoamuru pia kwamba mwanafunzi asiyefaulu masomo yake asicheze katika timu ya shule. Mwaka 1990 ulianza mtihani mpya uliojulikana kwa kifupi kama TAAS, na mwaka 1993 jimbo likaanza kuzipanga shule kwa madaraja kwa kutumia matokeo.

Alama zikapanda mwaka hadi mwaka. Gavana George W. Bush aliponadi sera zake za elimu katika kampeni ya urais ya mwaka 2000, watu walizungumzia «muujiza wa Texas». Lakini mwezi Oktoba mwaka huo taasisi ya utafiti ya RAND ilitoa ripoti iliyolinganisha TAAS na mtihani wa taifa ambao shule haziufanyii mazoezi. Maendeleo yaliyoonekana katika TAAS yalikuwa makubwa mno kuliko yale ya mtihani wa taifa, na pengo kati ya wanafunzi weusi na weupe, lililoonekana kupungua katika mtihani wa jimbo, halikuonekana kupungua katika ule wa taifa.

Bush alishinda, na tarehe 8 Januari 2002 akatia saini sheria iliyopeleka mtindo wa Texas katika nchi nzima: mitihani kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane. Waziri wake wa elimu alikuwa Rod Paige, aliyekuwa mkuu wa elimu wa wilaya ya Houston. Mwaka 2003 kumbukumbu za Houston kuhusu wanafunzi walioacha shule ziligunduliwa kuwa na kasoro kubwa. Mwaka huo huo Texas ilianza mtihani mgumu zaidi, TAKS, na mtoto wa darasa la tatu akatakiwa kufaulu sehemu ya kusoma ili aingie darasa la nne. Alipewa nafasi tatu; akishindwa zote, kamati ya mwalimu, mkuu wa shule na mzazi ilikaa kuamua.

Hapo ndipo tunaporudi jirani na DeSoto. Upande wa mashariki, ukishaipita Lancaster, palikuwa na wilaya ndogo ya shule iliyoitwa Wilmer-Hutchins, yenye wanafunzi wapatao 3,000, wengi wao watoto wa familia maskini za watu weusi. Desemba 2004 gazeti la Dallas Morning News lilichapisha uchunguzi wa takwimu za TAKS ulioonyesha dalili za udanganyifu katika shule kadhaa za Texas, zikiwemo shule za msingi za wilaya hiyo, ambako watoto walipata alama za juu zisizolingana na hali yao katika masomo mengine. Uchunguzi wa jimbo mwaka 2005 ulithibitisha kwamba walimu na wasimamizi 22 walihusika. Mtihani uliofuata uliposimamiwa na watu kutoka nje, matokeo yaliporomoka. Wilaya hiyo, ambayo pia ilikuwa imezama katika matatizo ya fedha, ilifungwa, na mwaka 2006 ikamezwa rasmi na wilaya ya Dallas.

Wasikilizaji wapenzi, ni rahisi kuwalaumu walimu wale, na kosa lao lilikuwa kosa. Lakini aliyeumia zaidi ni mtoto. Yule aliyesaidiwa kujaza majibu sahihi aliandikwa kwamba anasoma vizuri, na mtoto anayesoma vizuri hapewi msaada. Mwuza mchele akijua kwamba ataadhibiwa kwa pishi, jicho lake hukaa kwenye pishi; mchele wenyewe husahauliwa. Uingereza ilikuwa imeliona jambo hilo zaidi ya miaka 100 kabla ya Texas.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Tangu wakati huo Texas imelegeza kamba kidogo kidogo. Sharti la darasa la tatu liliondolewa na sheria ya mwaka 2009, na yale ya darasa la tano na la nane yakafuata mwaka 2021. TAKS iliupisha mtihani uitwao STAAR mwaka 2012. Septemba 2025 ilitiwa saini sheria inayoamuru STAAR nao uondoke, na kuanzia mwaka wa masomo wa 2027–28 pawe na mitihani mitatu mifupi: mwanzoni, katikati na mwishoni mwa mwaka. Wanaounga mkono wanasema mwalimu atapata habari mapema na kumsaidia mtoto kabla mwaka haujaisha. Wanaopinga wanasema madaraja ya shule yamebaki pale pale, na kwamba mizigo mitatu midogo nayo ni mzigo.

Afrika Mashariki si mgeni katika mjadala huu. Katika Azimio la Musoma la mwaka 1974, Tanzania iliamua kwamba mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee, bali kazi ya mwanafunzi ya kila siku nayo ihesabiwe. Katikati ya miaka hiyo ya 1970, Kenya ilianza kuubadili mtihani wake wa kumaliza shule ya msingi, ikipunguza maswali ya kukariri na kuongeza ya kufikiri, huku shule zikitumiwa maelezo ya makosa ambayo watahiniwa wamekuwa wakiyafanya. Na kuanzia mwaka 2010 mpango wa Uwezo, uliofuata mfano wa India, uliwapeleka watu wa kujitolea majumbani nchini Kenya, Tanzania na Uganda, wakiwapima watoto kusoma na kuhesabu mbele ya wazazi wao. Hakukuwa na shule ya kupewa daraja wala mwalimu wa kufukuzwa, na matokeo yaliyotoka yalikuwa machungu lakini yaliaminika.

Sasa Kenya imechukua hatua ambayo hata Texas haijaichukua. Mtaala mpya wa umilisi, ulioanza rasmi madarasani mwaka 2019, umeweka «kujifunza jinsi ya kujifunza» kuwa mojawapo ya umilisi saba wa msingi ambao mwalimu anatakiwa kuukuza na kuutathmini kwa kila mtoto. Lindquist angefurahi. Lakini mtihani wa zamani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, umeacha nafasi ambayo imejazwa na hesabu mpya: mtoto anapokwenda sekondari ya juu, asilimia 60 ya alama zake inatokana na mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, asilimia 20 na tathmini ya darasa la sita, na asilimia 20 na tathmini zinazofanywa na walimu wake shuleni.

Hiyo asilimia 20 ya mwisho ndiyo ya kuangaliwa. Mwalimu anayemtazama mtoto akitafuta neno katika kamusi, akikosea na kujirekebisha, anaona kile ambacho mashine ya Iowa haikuweza kukiona. Lakini mwalimu huyo huyo akijua kwamba alama anayoiandika itaamua mtoto atapata shule gani, kalamu yake itakuwa nzito kuandika ukweli, na mzazi aliyesimama mlangoni ataiongezea uzito. Kipimo kinachomsaidia mtoto na kipimo kinachompangia shule vinaweza kuandikwa kwenye karatasi moja, lakini mara nyingi kimoja humla mwenzake.

Kwa mzazi wa DeSoto, wa Houston, wa Kisumu au wa Tanga, historia hii inaacha ushauri mmoja wa kawaida kabisa. Ukiletewa matokeo ya mwanao, usimalize na swali la amepata ngapi. Mwombe mwalimu akueleze amefika hapo kwa njia gani: alielewa swali, alipanga muda, alijua pa kutafuta, au hofu ilimzidi? Kisha keti na mtoto jioni moja, afungue kitabu chake, nawe umtazame anavyosoma bila kumkatiza. Hilo halihitaji mashine wala lugha ya kigeni.